Ombi la Moyoni la Tressa

Tuliokuwapo mezani Jumapili ile, nyumbani kwa akina Lovvorn, tulikuwa watano. Mzee Harlis Lovvorn alikaa kwenye kiti chenye mikono, kwa kuwa nyumba ilikuwa yake na kuku tuliokuwa tukiwala aliwafuga mwenyewe. Mkewe, Bi Nelda, alikaa karibu na mlango wa jikoni, mahali anapokaa kila Jumapili ili aweze kuinuka bila kumsumbua mtu. Mwana wao Coy, fundi wa mitambo katika kiwanda cha kuku, alikaa upande wa dirisha. Mkewe Coy, Tressa, alikaa kando yake, kiti kikiwa kimesogezwa nyuma kuipisha mimba iliyokwisha kuingia mwezi wa nane. Wa tano ni mimi, Ruthanne Hulsey, mwalimu wa sayansi katika shule ya kati ya Kaunti ya Maddox, na mdogo wa marehemu mama yake Tressa. Wa sita alikuja baadaye, na hakuja peke yake.

Tulikuwa tumetoka ibadani. Joto la Agosti, kama lijuavyo kulemea kaskazini mwa Alabama, lilikuwa limeingia nyumbani kabla yetu, na feni ya dirishani ilizunguka bila kulipunguza. Mzee Harlis alisali kwa maneno machache. Yeye hushikilia kwamba chakula kikisikiliza sala ndefu huchukia na kupoa. Tukapeana maharage, mkate wa mahindi na nyanya zilizokatwa, na Bi Nelda akazungusha jagi la chai baridi.

Wakati Tressa alipoipokea bilauri yake, niliona kwamba pete ya ndoa haikuwa kidoleni. Alikuwa ameivaa kwenye mkufu shingoni. Vidole vyake vilikuwa vimejaa, ngozi imevutika na kung'aa. Nilidhani ni joto.

Jambo la pili lililonishangaza ni simu. Bi Nelda, ambaye kwa miaka mingi amempiga Coy marufuku kuleta simu mezani, alikuwa ameiweka ya kwake kando ya kibakuli cha siagi, na kila mara aliigusa kama mtu anayeangalia kama mkate umeiva.

"Mama, simu mezani?" akasema Coy. "Au Bwana Yesu kaahidi atapiga mwenyewe?"

"Kula, Coy."

"Nauliza tu. Ingekuwa mimi, ungeshanitwanga na mwiko."

"Namngoja Dada Eunice."

Mzee Harlis akacheka na kusema kwamba kama Eunice Pruitt hajapiga simu basi kafa, maana hakuna kingine duniani kinachoweza kumtenga mwanamke yule na simu. Bi Nelda hakucheka.

Kanisani kwetu tuna mnyororo wa maombi. Mwenye shida humwambia Bi Nelda. Bi Nelda humpigia Bi Verlene Tidmore, naye Bi Verlene humpigia anayemfuata, na hivyo hivyo hadi ombi limfikie Bi Eunice, ambaye ndiye wa mwisho. Kisha Bi Eunice humpigia Bi Nelda na kumkariria ombi kama lilivyomfikia, ili ijulikane kwamba halikupotea wala halikutiwa chumvi njiani. Ombi likitoka asubuhi, jibu la Bi Eunice hufika kabla ya jua kuchwa. Na kwa asiyetaka shida yake ijulikane, ipo njia ya heshima: anainua mkono ibadani na kusema, "Nina la moyoni." Basi. Hakuna anayemuuliza. Watu huliombea ombi wasilolijua, na kesho yake humtazama mwenzao kama walivyomtazama jana.

"Nililipeleka Jumatano," akasema Bi Nelda, akiitazama simu. "Leo Jumapili. Eunice kimya."

Tressa aliweka uma chini polepole.

"Ombi la nani, Mama Nelda?"

Bi Nelda alikuwa akipaka siagi kipande cha mkate ambacho tayari kilikuwa na siagi.

"La kwako, mwanangu."

"Nilikwambia la moyoni."

"Najua."

"Nilisema jina langu tu, na la moyoni. Hukunisikia?"

Bi Nelda alijieleza kwa sauti ya chini. Alisema alikuwa amesikia vizuri. Alisema Mungu anajua yote, lakini wale wanawake ni binadamu, na binadamu hawezi kuliombea kwa nguvu jambo asilolijua. Mzee Harlis alipokuwa na jiwe kwenye figo, kanisa liliiombea figo ile kwa jina, ya kushoto, na jiwe likatoka. Alikuwa amemwona Tressa akinyong'onyea wiki hadi wiki, na Jumatano asubuhi hofu ilimzidi. Kwa hiyo alimweleza Bi Verlene kila kitu: vidonge, mimba, na kwamba msichana anaiogopa hospitali.

Coy alisukuma sahani yake. Mzee Harlis akatazama dirishani. Hapo nikatambua kwamba pale mezani ni mimi pekee ambaye sikujua ni vidonge gani vinavyozungumzwa. Na wao wakatambua kwamba sasa nami nimesikia.

"Mama mdogo," akasema Tressa, "wewe ndiye niliyeshindwa kukwambia. Kila shule zikifunguliwa unatia saini kwamba ukijua mtoto yumo hatarini utaripoti. Sikutaka kukuvika hilo shingoni."

Nilikuwa nimetia saini hiyo mwanzoni mwa mwezi uleule, kama nilivyofanya kila mwaka tangu nilipotoka chuoni, na mkono wangu haukuwahi kusita.

Akanieleza mbele ya wote, macho yakiwa kwenye kitambaa cha meza. Ilianzia begani. Kiwandani aliwekwa kwenye mstari wa kukata mabawa, na bega likaharibika kwa kurudia jambo moja kutwa nzima. Daktari akampa vidonge vya maumivu. Baadaye daktari akaacha kuvitoa, lakini maumivu hayakuacha, na vidonge vikawa vinapatikana kwenye maegesho ya magari ya kiwanda, kwa mwanamke mmoja aliyevifunga kwenye karatasi ya sandwichi. Alipojua ana mimba aliacha. Aliacha akiwa sakafuni bafuni, akitetemeka na kutapika, na Coy akimshikia ndoo. Majira yote ya kuchipua alikuwa safi. Mwezi wa saba bega likamrudia, naye akameza tena.

"Mara ngapi?" nikauliza.

"Mara chache. Vidogo. Lakini hospitalini hawapimi udogo, Mama mdogo. Wanapima kama upo au haupo."

Alisema kweli. Sheria ya jimbo ya kumfunga anayemhatarisha mtoto kwa dawa ilitungwa kwa ajili ya watu wanaopika dawa za kulevya jikoni huku watoto wakitambaa miguuni pao. Kisha mahakama za jimbo zikasema kwamba tumbo la mama nalo limo. Katika kaunti yetu wachache wameisoma sheria hiyo, lakini wote wanaijua, kwa sababu wanamjua Jolee Stancil.

Jolee alisimama karibu na Tressa kwenye mstari wa mabawa. Alijifungua wakati wa baridi, mtoto mzima mwenye kilio kikali. Mkojo wake ulionyesha dawa, na askari walimchukua wodini akiwa bado anatembea kwa kujishika ukutani. Mwanamke aliyelala kitanda cha jirani alisimulia kwamba maziwa yalikuwa yakimlowesha Jolee kifuani, na kwamba askari mmoja, kwa huruma, alimpa karatasi ya kujifutia. Mtoto alipelekwa kwa watu wasiomjua, kaunti nyingine. Jolee alipotoka gerezani mtoto alikuwa ameota meno, na alipopakatwa na mama yake alilia kama mtoto yeyote anayeshikwa na mgeni. Siku hizi Jolee akiingia dukani huzunguka mbali ili asipite penye nguo za watoto.

"Baada yako anafuata Bi Verlene," akasema Coy, akimtazama mama yake. "Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na mwanawe Bi Verlene ni nani?"

Hakuna aliyehitaji kumjibu. Garrett Tidmore alikuwa askari wa kaunti. Nilimfundisha darasa la saba. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye kupenda kalamu zake zipangwe sambamba.

"Leo kanisani kiti cha Bi Verlene kilikuwa kitupu," akasema Tressa. "Kila Jumapili anageuka kunipa peremende, mhubiri akianza. Leo hakuna aliyegeuka."

"Labda simu ya Eunice imeharibika," akasema Mzee Harlis. Alilisema kwa wema, na hata yeye hakuliamini. Mnyororo ulikuwa umekatika mahali, na aliyeukata alikuwa amelisikia ombi. Kilichotutisha ni kutojua amelipeleka wapi.

Ndipo kila mmoja akaanza kutoa mpango wake, na mipango yote ilikuwa ya mtu anayekimbia moto bila kutazama mlango uko wapi. Coy alisema wafunge mizigo mara moja, waende Georgia kwa binamu yake. Ukishavuka mpaka, askari wa huko wana mambo yao mengine. Tressa akifika huko atajifungulia huko, na watarudi wakati watakapopenda kurudi. Bi Nelda akasema barabara ndefu si ya mwanamke mwenye mimba ya miezi minane. Mtoto azaliwe hapahapa, chumba cha nyuma, kitanda kilekile alichozaliwa Harlis. Watu walizaliwa kabla ya kuwapo hospitali.

"Na mimi walinitoa kwa koleo la jirani," akasema Mzee Harlis. "Tazameni kichwa hiki halafu mseme."

Coy alitaka kucheka, akashindwa. Akamjibu mama yake kwa ukali kwamba yeye ameshafanya ya kutosha, na Bi Nelda akainama. Baba mtu akamwambia Coy achunge ulimi, huyo ni mama yake. Coy akasema anajua ni mama yake, ndiyo maana hajasema lililo ndani ya moyo wake.

Mimi nilikuwa nikimtazama Tressa. Katikati ya kelele zile alikuwa amefumba macho na kuyakandamiza kwa vidole viwili. Alipoyafumbua alipepesa mara nyingi, kama mtu aliyetoka juani.

"Kichwa kinauma?" nikamuuliza.

"Kidogo."

"Tangu lini?"

"Juzi. Na kuna vitu kama vimulimuli. Ni joto."

"Mara ya mwisho kliniki ulikwenda lini?"

"Toka mwezi wa saba sijaenda. Ukiingia tu, kabla hawajakusalimu, wanakupa kikopo cha mkojo."

Nikaitazama tena ile pete mkufuni, na vidole vile, na sasa sikufikiri juu ya joto. Nikamwomba Mzee Harlis mashine yake ya kupimia presha. Aliitoa kwenye rafu, kando ya Biblia, akamfunga Tressa mkanda mkononi kwa uangalifu, kama anavyojifunga mwenyewe kila asubuhi. Mashine ikanguruma, ikapumua, ikaonyesha namba. Namba ya juu ilikuwa imepita mia moja na sabini.

"Imeharibika hii," akasema mzee. Akajifunga mwenyewe. Ikampa namba ya kawaida. "Mimi, mla mafuta ya nguruwe," akanong'ona, akiwa kama anayeiomba mashine msamaha. Akamfunga Tressa kwa mara ya pili. Namba ilikuwa imepanda.

Nilisema nilichokuwa nalazimika kusema, nami nilikisema taratibu, kama nisemavyo darasani wakati wa kueleza jambo ambalo halipaswi kukosewa. Nilisema dalili hizi ni za kifafa cha mimba kinachokaribia. Nilisema mimi si daktari, lakini hili haliwezi kungoja hata jioni. Akienda Georgia, kinaweza kumshika barabarani. Akilala chumba cha nyuma, kinaweza kumshika pale, na hapatakuwa na wa kumwokoa yeye wala mtoto.

"Na nikienda hospitali?" akauliza Tressa.

"Watakupima presha."

"Na mkojo."

"Na mkojo."

Alinitazama. Macho yake ni ya dada yangu, na sikuweza kuyakwepa. "Kwa hiyo nichague," akasema. "Nife, au wamchukue."

Kabla mtu hajamjibu, mbwa wa Mzee Harlis akabweka, na tukasikia kokoto za njia ya nyumbani zikisagwa na magurudumu. Coy aliyekuwa dirishani aligeuka. Nilimwona akipoteza rangi usoni kabla sijaliona gari lenyewe. Lilikuwa jeupe, lina taa juu na nyota ya kaunti mlangoni, na lilikuja polepole kama linalotafuta namba ya nyumba.

Coy akaenda kusimama mbele ya mlango wa wavu. Mzee Harlis akainuka, akamwambia kwa sauti ndogo aondoe mikono mfukoni, askari hapendi asiyemwona mikono. Bi Nelda alikuwa ameshika kiganja cha Tressa, na midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti. Mimi nilisimama nyuma ya kiti cha Tressa. Nakumbuka nilifikiri juu ya saini yangu, na juu ya jinsi ilivyokuwa nzuri na yenye mpangilio.

Gari likasimama. Injini haikuzimwa. Mlango uliofunguka ulikuwa wa abiria, na aliyeshuka alikuwa Bi Verlene Tidmore, amevaa nguo yake ya kanisani, ameshika bakuli lililofunikwa.

Alipanda ngazi za barazani bila haraka. Coy hakumpisha.

"Coy Lovvorn," akasema, "nimekufuta makamasi ukiwa shule ya Jumapili. Nipishe, bakuli ni la moto."

"Huyo kwenye gari anataka nini, Bi Verlene?"

"Kanileta. Gari langu limelala, betri imekufa. Nipishe."

Akapishwa. Aliweka bakuli mezani, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakuwatazama wengine. Alimtazama Bi Nelda.

"Mnyororo umeishia kwangu," akasema. "Sikumpigia mtu."

Bi Nelda akafumba macho. "Asante, Verlene."

"Usinishukuru kabla hujasikia." Akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa. "Unajua masikio yangu. Simu naweka sauti ya nje, la sivyo sipati neno. Uliponipigia Jumatano nilikuwa jikoni, nami niliiweka mezani. Garrett alikuwa pale anakula mayai."

Nje, injini ya gari iliendelea kuunguruma. Kupitia wavu tulimwona Garrett, mikono yote miwili kwenye usukani, akitazama mbele, penye banda la kuku.

Bi Verlene alitusimulia yaliyofuata, akisugua mkunjo wa kitambaa cha meza kwa kidole. Garrett alisikia yote. Alimaliza mayai yake, akaosha sahani, akavaa kofia, akatoka. Alhamisi hakusema neno, Ijumaa hakusema neno. Yeye mama mtu hakulala vizuri, na leo alishindwa kwenda kanisani kukaa mbele ya msichana yule na kugeuka na peremende kana kwamba hajui. Ndipo alipomuuliza mwanawe waziwazi atafanya nini.

"Akasemaje?" akauliza Coy.

"Kasema, 'Mama, sijaandika kitu. Lakini wakiniuliza, siwezi kusema uongo.' Basi. Ndiye niliyemlea hivyo, na sasa sijui nijilaumu au nijisifu."

"Mwambie aingie ale," akasema Mzee Harlis, "au kaja kuwahesabu kuku wangu?"

"Nimemwambia. Kasema akiingia atakuwa ameiona nyumba, na akiiona nyumba ataulizwa ameona nini. Anakaa palepale."

Nilielewa basi kwamba Garrett wangu wa kalamu zilizopangwa sambamba alikuwa akijaribu kusimama kwenye mstari mwembamba uliokuwapo kati ya mama yake na kazi yake. Na nilielewa pia kwamba mstari wangu haukuwa mpana kuliko wake. Kimya chake kilikuwa fadhila, lakini hakikuwa kinga. Hospitalini kungekuwa na kikopo, na baada ya kikopo simu, na mwishoni mwa simu hiyo kungekuwa na askari, kama si Garrett basi mwingine.

Tressa alijaribu kuinuka, akayumba, na Coy akamwahi. Akasimama, mkono mmoja ukiwa mezani na mwingine chini ya tumbo.

"Bi Verlene," akasema, "una peremende?"

Bi Verlene akafungua mkoba wake, akampa. Tressa akaila taratibu, sote tukimngoja. Mtoto alimpiga teke. Niliona nguo ikituna na kutulia.

"Nilifikiri nikinyamaza atakuwa salama," akasema. "Nimenyamaza kliniki, nimenyamaza kwa Mama mdogo, nimenyamaza hata kwa Mungu. Kichwa kinapasuka, na hayuko salama hata kidogo."

Coy akaanza tena habari ya Georgia, kwa sauti ya kusihi. Alisema wanaweza kuendesha taratibu, wakipumzika njiani. Tressa alimwekea kiganja kifuani.

"Coy, mpenzi, nyamaza. Sikilizeni wote, maana sitaweza kusema mara mbili."

Alivuta pumzi. Uso wake ulikuwa umevimba, na hofu ilikuwa palepale machoni. Haikuwa imekwenda popote. Alizungumza akiwa nayo.

"Naenda hospitali. Hapahapa kwetu, sasa hivi. Wakinipa kikopo, nitawaambia kitakachoonekana kabla hakijaonekana, na nitawaambia bega langu, na nitawaambia lini niliacha na lini nilishindwa. Coy, washa pikapu. Mama mdogo, utakaa nami wodini. Wakisema mtoto hawezi kulala kwangu, utasema palepale kwamba atalala kwako, na utalisema kwa ile sauti yako ya darasani. Sitaki aende kwa watu wasiojua jina la bibi yake. Ukilazimika kuripoti, uniripoti nikiwa nimesimama karibu yako. Bi Verlene, mwambie Garrett ninakwenda. Akitaka kutufungulia njia kwa taa zake, nitashukuru. Akitaka kubaki hapa na kuku, sitamlaumu. Ila asiniulize kitu leo. Akiniuliza kesho, nitamjibu."

Kisha akamgeukia mama mkwe wake, aliyekuwa bado ameinama mbele ya ile simu.

"Mama Nelda, nyanyua simu. Anza upya, na safari hii mruke Bi Verlene, yeye ameshasikia. Usiwaambie la moyoni. Waambie jina langu, waambie vidonge, waambie presha, waambie naogopa gereza na naogopa kufa. Na waambie wasiombee majumbani kwao. Waje waombee pale kwenye varanda ya wodi, wote, wakae mpaka nitakapojifungua, ili atakayekuja kunichukua apite katikati yao."